Vuli Iko Mlangoni, Watoto Wako Ndani

 Dada zangu, na nyinyi mabiharusi mnaohesabu siku, leo nimekuja na maneno makali kidogo. Nisameheni mapema, na mjue kuwa wa kwanza kupigwa nayo ni mimi mwenyewe.

Mwanangu wa mwisho ana miaka minne na nusu. Wiki iliyopita alirudi kutoka skuli ya maandalizi na karatasi mkononi, anakimbia nayo kama mtu aliyeokota fedha. Karatasi ina mti uliochapishwa, naye ameupaka majani rangi ya chungwa, nyekundu na kahawia. Chini yake kuna neno moja la Kiingereza, jina la msimu wa majani kupukutika huko Ulaya. MashaAllah, rangi hazikutoka nje ya mstari hata kidogo. Nikamsifu, nikamkumbatia, nikaibandika karatasi kwenye friji.

Kisha nikamuuliza, "Na vuli ni nini, mwanangu?"

Akafikiri. Akanambia, "Ni jina la mtu?"

Nilicheka. Halafu kicheko kikanikatika, kwa sababu wakati ule ule mvua ilikuwa inapiga mabati ya jirani. Mvua ya vuli yenyewe, wala si ya karatasi. Nami nilikuwa nimeshafunga madirisha yote na kumwashia katuni ili asichungulie nje akalowa.

Sasa niambieni, kosa ni la mwalimu? Mwalimu amefundisha kilichomo kitabuni. Mimi ndiye niliyefunga dirisha.

Hoja yangu ya leo ni moja tu: tunawalea watoto wetu kama wageni ndani ya kisiwa chao wenyewe. Tunawavisha vizuri, tunawalisha vizuri, tunawapeleka chuoni na skuli, alhamdulillah. Lakini hatutoki nao. Na tukitoka nao, tunawatoa kwa ajili ya picha.

Majani ya watu ni ya watu

Sisemi kuwa msimu wa wenzetu ni kitu kibaya. Ni katika ajabu za Allah (s.w.). Kule kaskazini mwa dunia, siku zikianza kufupika na baridi ikikaribia, mti huacha kutengeneza ile rangi ya kijani. Kijani kikiondoka, njano iliyokuwa imejificha chini yake muda wote ndiyo inaonekana. Mti unaachia majani ili uvuke msimu wa baridi. Dada zetu wanaoishi London au Toronto wana haki ya kuwachukua watoto wao bustanini wakaokota majani yale na kuyakandamiza kwenye vitabu. Kuokota jani si kuiga dini ya mtu. Yale mambo ya kuvaa mazimwi mwishoni mwa Oktoba ni habari nyengine, hayo tuwaachie wenyewe. Jani ni la Mola wako. Katika Suratul An'aam tunafundishwa kuwa halianguki jani lolote ila Yeye analijua. Basi mama wa Toronto, mtoe mwanao akatazame kile ambacho Mola wake anakijua jani kwa jani.

Lakini mama wa Mwembetanga, wa Wete, wa Jambiani, mbona wewe unasubiri msimu uletwe na katuni?

Na tena, mnajua ni nani anayeyaelewa majira ya kule kuliko ile karatasi? Ndege. Baridi ikianza kunukia kaskazini, mbayuwayu wanaondoka. Na wale ndege wembamba wa ufukweni, wenye miguu mirefu na midomo kama sindano, wanaondoka pia. Wanavuka nchi na majangwa, na wengine wanatua hapa, kwenye matope ya mikoko na fukwe zetu, wanadonoa vijidudu maji yakipwa. Ndege amesafiri maelfu ya kilomita kuja kula Chwaka, na mtoto wa Unguja hajawahi kumuona kwa sababu mama anaogopa matope.

Vuli ina mambo yake

Wengine watanambia, "Kwani hapa kuna nini cha kutazama? Hapa ni jua na mvua tu." Maneno haya nayasikia hata kwa watu wazima, na yananiuma. Bibi zetu walikuwa na majina ya kila upepo. Walijua kipupwe kimeisha lini, kusi limelegea lini, lini ni tanga mbili na upepo haujui uelekee wapi, lini kaskazi litaingia na joto lake. Sisi tumebakiwa na maneno mawili: joto na mvua.

Hebu toka na mwanao asubuhi moja baada ya mvua ya usiku. Mtafute jongoo, yule mweusi mrefu anayejikunja kama bangili akiguswa. Mwache amhesabu miguu mpaka achoke. Jioni yake kumbikumbi watatoka ardhini kwa mamia na kuizunguka taa. Asubuhi utakuta mbawa zao zimetapakaa kibarazani. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuzikusanya kwenye kikombe kwa saa nzima bila kukuomba simu.

Muoneshe mbuyu uliokuwa mtupu wakati wa ukavu unavyochipua majani mvua zikianza. Muoneshe embe changa zinavyoning'inia, na umwambie subira ni nini kwa kumuonesha embe, si kwa kumgombeza. Kama mna jamaa Pemba na karafuu zinaanikwa, mpeleke akae pembeni ya jamvi, anuse, amuulize babu yake kwa nini zinageuzwa geuzwa juani.

Na kama anataka majani mekundu, basi mpeleke chini ya mkungu. Mkungu huu huu wa ufukweni na viwanjani. Majani yake mapana huwa mekundu kama yamepakwa hina kabla hayajadondoka. Mti huo umesimama hatua chache kutoka geti la ile skuli ya mwanangu. Watoto wanapita chini yake kila siku, wanakanyaga majani mekundu, kisha wanaingia darasani kupaka rangi mti wa mbali. Siku iliyofuata nilimsimamisha pale. Aliokota jani moja, akaligeuza, akanambia, "Mama, hili ni la kweli." Tukatafuta kungu zilizoanguka, tukazipasua kwa jiwe, tukala kile kiini chake kidogo. Tulichelewa dakika kumi. Mwalimu alinikunjia uso, nami nikaomba radhi bila ya kujuta.

Anayefunga siku nyeupe anaijua bahari

Jambo hili wengi wetu tunalo mkononi na hatujui kuwa tunalo. Bahari yetu inakwenda kwa mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu baada yake, huwa bamvua: maji yanajaa sana na yanapwa sana. Kati ya kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Na hapa kwetu, siku za bamvua maji huwa chini kabisa mnamo saa nne za asubuhi, hivi au karibu na hivyo.

Sasa wewe unayefunga siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, huhitaji programu ya simu kukwambia. Kalenda yako ya ibada ndiyo kalenda ya bahari. Ukimaliza funga yako ya tarehe 15, asubuhi inayofuata chukua watoto, panda daladala, nenda pwani. Utakuta bahari imekimbia mbali na kuacha madimbwi kila mahali. Humo mna kaa wadogo, mna kome wanaotembea na nyumba zao, mna kiti cha pweza mwenye mikono yake mitano. Mtazameni majini, msimtoe. Mkigeuza jiwe, lirudisheni lilivyokuwa, kwani ni paa la nyumba ya mtu.

Mvalishe mtoto viatu vya mpira, miba ya bahari haina huruma. Usiipe bahari mgongo, na ukiona maji yameanza kurudi, nawe rudi; maji ya bamvua yanaporudi hayakusubiri umalize mazungumzo. Mtoto chini ya miaka saba awe umbali wa mkono wako, si wa sauti yako.

Niliwapeleka wangu mashariki mwezi uliopita. Tukipita ufukweni mbele ya hoteli moja, mlinzi kijana akatufuata na kutuuliza, "Mnakwenda wapi?" Hakuwa na jeuri. Aliuliza kama anavyouliza mtu aliyezoea kuwa watu kama sisi hatupiti pale. Mtoto wangu mkubwa, ana miaka minane, akanishika buibui na kunong'ona, "Mama, tunaruhusiwa?"

Nimelala na swali hilo siku nyingi. Hoteli nitailaumu, ndiyo. Lakini mtoto angeniuliza hivyo kama angekuwa amekanyaga ufukwe ule kila bamvua tangu ana miaka miwili? Tumewaacha wenye hoteli wazijue fukwe zetu kuliko watoto wetu, na mahali usipokwenda, mwenzio atakuzoea kuwa haupo. Nilimjibu mwanangu kwa sauti, ili na mlinzi asikie: "Tunaruhusiwa. Huku ni kwetu." Kijana akatabasamu, akatupisha.

Na si bahari tu. Kuna watu wanalipa tiketi za ndege kuja Jozani kumuona kima punju, ambaye duniani kote anapatikana Zanzibar tu. Muulize mwanao kama amewahi kumuona. Muulize kama anaujua msikiti wa Kizimkazi Dimbani, wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Watoto wetu wanasoma historia ya Uislamu wakidhani yote ilitokea mbali, na huku kuna mihrabu ya zaidi ya miaka 900 ukishuka kwenye gari ya shamba.

Matembezi ya picha

Najua utaniambia, "Mimi nawatoa wangu, kila Sikukuu." Ndiyo, na mimi pia. Nguo zinazofanana, viatu vipya vinavyobana, hina, pipi, mtoto anaambiwa "simama vizuri", "usichafue", "tazama huku", "cheka". Baada ya saa moja analia, anarudishwa nyumbani, na picha tano zinawekwa hadharani zikionesha familia yenye furaha. Mtoto hakucheza. Alifanya kazi.

Na siku nyengine tukitoka ni Forodhani, jioni, mishikaki na zanzibar pizza. Sina ugomvi na Forodhani, bustani nzuri na miwa yake tamu. Ugomvi wangu ni saa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi ya Jabir (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, tuwazuie watoto wetu usiku unapoingia, mpaka ipite saa moja ya usiku. Sisi tumegeuza. Mchana kutwa mtoto yuko ndani na simu. Maghrib ikiadhiniwa ndiyo tunamfunga viatu. Kisha amelewa usingizi, sala imetupita au tumeiswali mbio mbio, na tunasema tumemtembeza. Mtoeni asubuhi, dada zangu! Asubuhi ina baraka, ina kivuli, ina ndege, na haina bili.

Mvua si adui

"Atapata homa." Nimelisema hili mara ngapi? Lakini Anas (r.a.) amesimulia, na hadithi iko katika Sahih Muslim, kuwa walinyeshewa wakiwa na Mtume (s.a.w.), naye akafunua sehemu ya nguo yake mpaka mvua ikamgusa, na akaeleza kuwa imetoka kwa Mola wake karibuni. Mbora wa viumbe aliipokea mvua kwa mwili wake. Sisi tunaipokea kwa kufunga madirisha na kupiga kelele.

Simwambii mtu amwache mtoto alowe saa mbili. Dakika kumi uani, mvua ya vuli isiyo na radi, mikono juu, dua mdomoni, kisha taulo, nguo kavu na chai ya tangawizi. Radi ikianza, ndani mara moja. Siku hiyo mtoto anajifunza dua ya mvua na hataisahau, kwa sababu ameijifunza akiwa ameloa.

"Mwanamke mwenye heshima hazururi"

Hoja hii ndiyo inayonichosha zaidi, na mara nyingi inatoka kwetu wanawake wenyewe. Nani amekwambia kumpeleka mtoto akatazame viumbe vya Mola wake ni kuzurura? Wanawake wa pwani hii, wenye stara zao na kanga zao, siku zote wamekuwa wakiingia baharini maji yakipwa, kuchokoa pweza na kuokota chaza, na sasa wanapanda mwani. Hakuna aliyewavunjia heshima. Stara unatembea nayo. Haikuwekwa mlangoni ikusubiri urudi.

Na Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.) safarini. Alimsimamia akatazama Wahabeshi wakicheza na silaha zao mpaka yeye mwenyewe akachoka kutazama. Kulikuwa na mtoto mdogo, Abu Umayr, ndugu yake Anas, aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea. Mtume, pamoja na mizigo yote ya umma, alikuwa akimuuliza mtoto yule habari za kindege chake. Wewe na mimi tuna shughuli gani kubwa kuliko zake?

Na nyinyi akina baba, na nyinyi mabiharusi

Mwenye haki apewe haki yake: mama wengi hawatoki kwa sababu wako peke yao. Ana kichanga mgongoni, wa miaka mitatu mkononi, mfuko wa nguo begani, na daladala imejaa. Baba yuko barazani anacheza bao, au yuko nyumbani na anasema amechoka, matembezi ya watoto ni mambo ya wanawake. Si kweli. Yule aliyerefusha sijda kwa sababu mjukuu wake amempanda mgongoni alikuwa mwanamme, na alikuwa imamu.

Basi biharusi mwenzangu, sikiliza kwa makini. Wakati huu unaulizwa kuhusu kitanda, kabati, rangi za ukumbi na mpambaji. Somo wako atakufundisha mengi, na mengi yake ni mazuri. Lakini kabla ya nikaha, kwa adabu na mbele ya walii wako, muulize huyo kijana swali moja: "Allah akituruzuku watoto, wewe utawatoa?" Si "utawalisha", hilo ni wajibu wake na analijua. Utawatoa? Utamshika mkono wa miaka mitatu, utamueleza jina la upepo? Jibu lake litakwambia mengi kuliko mahari yake.

Na ukishaolewa, anza kabla hujapata mtoto. Tokeni wawili asubuhi ya bamvua. Nyumba iliyozoea kutoka, mtoto huzaliwa ndani ya mazoea hayo.

Jumamosi hii

Sitaki tuishie kutikisa vichwa na kuandika "ni kweli dada". Jumamosi hii, baada ya Alfajiri, chemsha mihogo, jaza chupa ya chai, chukua mkeka. Simu weka mfukoni, na picha iwe moja tu, ya mwisho, wakati wameshachafuka. Nenda chini ya mkungu wowote ulio karibu na wewe. Kama ni siku za bamvua, nenda pwani. Kama mvua imenyesha, tafuta jongoo. Kama baba yupo, mpe kichanga abebe, na usimshukuru kupita kiasi.

Ile karatasi ya mwanangu bado iko kwenye friji, sijaing'oa. Ni kazi ya mikono yake na ni nzuri. Lakini pembeni yake amebandika jani la mkungu. Limeanza kukauka na kujikunja, na kila asubuhi analigusa. Jana alinambia, "Mama, Allah analijua hili lilipoanguka." Nikamwambia, ndiyo. Akauliza, "Na la kwenye karatasi?"

Sikuwa na jibu, nikafungua mlango tukatoka.

Allah atupe uwezo wa kuitekeleza amana hii ya watoto, awafanye wawe tulizo la macho yetu, na aijaalie vuli hii iwe ya kheri na baraka juu ya visiwa vyetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.